Mahali Ambapo Mteremko Ni Sufuri

Kaka yangu Hubert alikufa kwa kichomi Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu 1956, akiwa hajamaliza kufundisha darasa lake somo la mteremko. Saa nane mchana tulikuwa tumeshamfikisha shambani kwetu Kirolirwe, amelala kwenye kipoyi mabegani mwetu. Katika ukoo wetu maiti hulazwa miguu ikielekea mashariki. Na shamba letu lote linashuka kuelekea mashariki.

Nzabonimpa, monitera wa kilimo, yaani msimamizi wa Serikali wa mashamba, alisimama mbele ya wachimbaji.

"Hii kaburi inashuka na mulima," alisema. "Iko mutaro wa kupeleka maji na udongo. Loi, sheria ya Serikali, inataka kila shimo ikate mulima kwa upana. Mumulaze kuelekea kaskazini."

"Kaskazini kuko nini?" aliuliza mama yetu, Nyiramana. "Siku ya ufufuo Hubert aamuke aangalie mbuzi za Dancille?"

Hakuna aliyecheka, isipokuwa jirani yetu Dancille mwenyewe.

Hubert ndiye aliyemfundisha Nzabonimpa kupima. Alimwambia kilima hakina mteremko mmoja. Kila mahali pana wake. Chukua vituo viwili, gawa tofauti ya kimo kwa umbali, kisha sogeza kituo kimoja karibu na kingine, halafu karibu zaidi. Nikamkumbusha Nzabonimpa: kileleni, pale kilima kinapoacha kupanda na hakijaanza kushuka, mteremko ni sufuri. Shimo la pale halina upande wa kupeleka maji.

"Njo vile," alikubali. "Lakini nitapima."

Tukapanda na kipoyi chetu mpaka kileleni. Nzabonimpa alikuwa na fremu ya miti iliyoning'inizwa uzi na jiwe; jiwe likitulia katikati, pale ni sawa. Jiwe likaegemea kushoto. Akasogea hatua moja, likaegemea kulia. Akasema miguu ya fremu imeachana mno, akatengeneza ndogo zaidi. Kisha nyingine. Ya nne ilienea kiganjani, na badala ya jiwe alifunga punje ya mahindi.

"Mwalimu alisema musogeze mpaka wapi?" mama aliuliza.

"Mpaka karibu na sufuri, Mama. Lakini bila kufika."

"Basi na mutoto wangu ataoza bila kufika."

Punje ikatulia katikati. Nzabonimpa akachomeka kijiti, akavua kofia.

"Sufuri iko hapa. Ni mahali pa kijiti tu. Pembeni inaanza kushuka."

"Kaka ana mita moja na sabini," nilisema. "Tuweke kijiti chini ya kifua chake."

Alivaa kofia tena. Mvua ilikuwa imeshafika kilima cha pili.

"Kifua inafuata loi," alisema mwishowe. "Miguu sikuiona."

Akatugeuzia mgongo mpaka tulipomaliza kufukia.

Mwaka wa kwanza udongo wa kaburi ulititia vidole vinne. Mwaka wa pili, viwili. Ninapima kila mwezi wa tatu, Nzabonimpa akinishikia mwisho wa kamba. Mwaka huu, wa tatu, umetitia kidole kimoja.