Mita Mia Sita na Arobaini

Sindano ya bikari ilitua juu ya kisima cha jirani, na Somaweera aliiona. Alikuwa amesimama nyuma ya viti, mikono mgongoni, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili kwa ajili ya siku hiyo. Bi Wimalaratne, mwalimu mkuu wa shule waliyomwombea mtoto wao, alikuwa amekuja kuhakiki makazi yao na ametandaza ramani juu ya meza ya chakula. Wakili Jayatunge, mwakilishi wa wanafunzi wa zamani, alizungusha penseli taratibu. Duara likapita juu ya barabara, juu ya minazi, juu ya bonde la mpunga, likarudi lilikoanzia.

"Ee, hiki hapa," wakili alisema, akigonga karatasi kwa ukucha. "Kishule cha ng'ambo ya bonde. Kimo ndani."

Indrakanthi, mkewe Somaweera, alikuwa akiingia na sinia la chai na ndizi. Akaganda mlangoni. Hakuhitaji kuelezwa, kwani kanuni hiyo wazazi wote wa upande ule wa Gampaha wameikariri: linachorwa duara kutoka mlango wako wa mbele hadi ofisi ya shule unayoitaka, na kila shule nyingine inayoangukia ndani yake inakula alama zako tano. Yaani, mbona usimpeleke mtoto hapo karibu? Mwaka uliopita nafasi ya mwisho iliamuliwa kwa alama mbili. Kwa tano, Hansamali hana shule.

Hansamali mwenyewe, umri miaka mitano na nusu, alikuwa jikoni akimsomea paka gazeti, nalo amelishika kichwa chini.

Nyumba ile haikupatikana kwa bahati. Jina la mzazi lazima likae miaka mitano kwenye daftari la wapiga kura wa mahali, kwa hiyo pale kwao shule huchaguliwa mtoto angali ananyonya. Ariyasinghe, kaka yake Indrakanthi, alikuwa amewatafutia nyumba nyingine, sakafu ya vigae, dakika tano kwa miguu hadi stesheni ya Veyangoda. Somaweera alikwenda akaiangalia, akarudi, akachora duara lake. Shule nne zilikuwa zimejazana ndani.

"Mtoto hana hata jino moja, wewe unampimia shule!" Ariyasinghe alimcheka. "Shemeji, wewe ndiye unayekwenda kazini, si yeye. Hiyo nyumba yako ya bondeni ina nini? Vyura?"

"Ina duara tupu," Somaweera alijibu.

Akahamia kwenye vyura. Kuanzia hapo, kila siku ya kazi, alitoka saa kumi na moja alfajiri, dakika arobaini za baiskeli hadi stesheni, kisha saa nzima ndani ya treni mpaka Kolombo, mara nyingi amesimama na kikapu cha mtu mbavuni. Jioni vivyo hivyo. Jamaa za mkewe walimwita mwendawazimu. Yeye alisema ni mwendo unaovumilika, na aliuvumilia miaka mitano bila kukosa treni hata mara kumi.

Sasa alikohoa kidogo. "Mwalimu, samahani. Sindano haikuwekwa mlangoni pangu. Imewekwa kisimani kwa jirani."

Wakili alicheka. "Bwana wee, hiyo ni milimita moja."

"Ndiyo, mheshimiwa. Kwenye ramani hii milimita moja ni mita kumi. Na penseli yako ni butu, inakula tano nyingine."

Kicheko kikakatika. Bi Wimalaratne alivua miwani, akamtazama mwenye nyumba kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe ni mpima ardhi?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi ni mshika tepu. Wapimaji wanaandika, mimi nashika. Mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Basi alete cheti cha mpima ardhi mwenye leseni," wakili alisema.

"Orodha inafungwa lini, mheshimiwa?"

Orodha ilikuwa ikifungwa jioni ile ile.

Bi Wimalaratne alinyanyuka, akaenda mlangoni. "Umbali wa kuja kwetu hauna ubishi," alisema, kama anayejihesabia mwenyewe. "Plani ya barabara inasema mita mia sita na arobaini, kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo kile kishule kikiwa mbali kuliko hapo, kimo nje." Akanyoosha mkono ng'ambo, kwenye jengo jeupe chini ya minazi. "Ndicho kile? Ofisi iko wapi?"

"Ule mlango wa bluu, Mwalimu."

"Na katikati kuna nini?"

"Tope tu," Somaweera alisema, na hakuweza kuificha fahari yake. Hakuna nyumba, hakuna ukuta, hakuna mti. Mstari ulionyooka kutoka mlango hadi mlango. Wengine huchagua nyumba kwa kutazama jiko na choo. Yeye alikuwa amesimama kwenye kizingiti kile, mtoto begani, akafumba jicho moja.

Aliingia chumbani, akatoka na tepu yake ya chuma ya mita thelathini, mali yake mwenyewe, na ufito wa kupimia wenye mistari myekundu na myeupe. Akavua viatu.

"Baba Hansamali, suruali!" mkewe alipiga kelele. Ndiyo pekee aliyokuwa nayo ya kwendea mbele za watu. Kisha akaweka sinia chini. "Ah, nenda. Nitafua."

"Mheshimiwa," Somaweera akamwambia wakili, "utanisaidia mwisho wa pili."

"Mimi?"

"Duara umelichora wewe, Wakili," Bi Wimalaratne alisema, akifungua daftari. "Kunja suruali."

Bonde lilikuwa limelimwa na kujazwa maji, bado halijapandwa. Somaweera aliingia topeni mpaka magotini, ufito mkononi, akitangulia. Wakili alifuata na viatu kwapani, akilaani kwa Kiingereza ili asieleweke. Bi Wimalaratne alishika tuta lililokuwa sambamba, akiandika kila tepu ilipolazwa. Na mlangoni, Indrakanthi alifumba jicho moja na kunyoosha mkono.

"Kushoto! Kushoto kwako, mume wangu, si kwangu! Hapo hapo! Unapinda tena, unakwenda kuoa huko?"

Watu waliacha majembe. Mmoja akauliza kama kuna reli inakuja.

"Usivute mpaka niseme," Somaweera alimwambia wakili. "Sasa vuta. Mkono uwe chini, tepu isilegee. Soma."

"Thelathini."

"Sogea."

Miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyeambiwa vuta, sogea, simama juani. Alishangaa jinsi maneno yale yalivyomtoka laini. Tepu ya kumi. Ya kumi na tano. Wakili alikwishaacha kulaani, anahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na shati lake la hariri lina tope hadi kifuani. Kwenye tepu ya ishirini mlango wa bluu ulionekana mkubwa mno, karibu mno. Somaweera aliwahi kuupima mstari huu kwa hatua, peke yake, juu ya tuta, kiangazi kile alipoichagua nyumba. Hatua zake hazikuwahi kumdanganya. Lakini hazikuwahi pia kubeba shule ya mtoto wake.

Tepu ya ishirini na moja. Zikabaki mita kumi kufika mia sita na arobaini. Akavuta mguu kutoka topeni, akasonga, akasimika ufito.

"Soma."

Wakili aliinama mpaka pua ikakaribia maji. "Kumi," alisema. "Jumla mia sita na arobaini."

Somaweera aliinua macho. Mbele yake kulikuwa na tope bado. Kisha tuta, kisha mfereji, kisha veranda, na mwisho wa veranda ule mlango. Mita kumi na moja, kama alivyojua.

Kutoka juu ya tuta Bi Wimalaratne alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa na akafurahi. "Haya, Bwana Somaweera. Nimeona. Njoo, toka humo."

Hakutoka. Kwenye kazi yake hakuna anayeng'oa ufito kwa sababu mkubwa ameona. Wakubwa huona mengi, kisha husahau njiani.

"Andika kwanza, Mwalimu," alisema.

Akasimama wima ndani ya maji, mikono miwili juu ya ufito, akaingoja kalamu.