Boksi Mbele ya Rejeta

"Maji?" baba aliuliza.

"Mia na mbili," nikajibu.

Nilidanganya. Mshale wa geji ya joto ulikuwa umepita mia na kumi na ulikuwa bado unapanda. Mbele yangu, mita mia nne hivi, ndege ya adui ilikuwa inakimbilia kwao imeinamisha pua, huku ikivuja moshi mwembamba. Mguu wangu wa kushoto uligongagonga sakafu chini ya meza. Haukuwa umetulia tangu tupae.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, mwezi wa pili. Mimi nilikuwa jikoni kwangu mjini Vantaa, kahawa imepoa kando ya kompyuta. Baba yangu, mzee Taisto, fundi mstaafu wa mabasi, alikuwa nyumbani kwake Mikkeli, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Lakini ndani ya mchezo wetu wa urubani wa kompyuta alikuwa nyuma yangu tu, juu kidogo, akinilinda mgongo.

Ndege tulizorusha ni zile za vita vya zamani, ambazo injini zake hupozwa kwa maji. Tumboni mna rejeta, na rejeta ina mlango mdogo ambao rubani huufungua na kuufunga mwenyewe. Ukiufungua, injini inapumua lakini ndege inakuwa nzito kwenye upepo. Ukiufunga, unapata mwendo zaidi, na hapo hapo joto linaanza kupanda. Sote katika klabu yetu ya mchezo huo tulikuwa wezi wa mwendo huo: unafunga, unahesabu sekunde, unafungua kabla mambo hayajaharibika. Anayekosea hesabu akachemsha injini huitwa Mpishi wiki nzima. Mimi kwenye mazoezi ya vuli nilibatizwa jina hilo mara tatu. "Mpishi, leo kuna supu gani?" aliuliza Rauno, kiongozi wetu, daktari wa meno wa Kuopio, na wenzake walicheka mpaka masikio yangu yaume.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi. Mwenzako anayekulinda huuliza "Maji?" kila baada ya dakika chache, nawe unamtajia namba ya kweli.

Majira yale ya baridi, hata hivyo, hayakuwa na mzaha. Vilikuwa vita vya msimu mzima, na kila mtu alipewa roho moja. Ukianguka ng'ambo ya mstari wa mapambano, umekwisha, kaa utazame wenzako mpaka vuli. Wengine hilo liliwaumiza kidogo. Mimi lilinitisha kweli kweli, na nalisema bila aibu: saa zile za Jumapili ndizo pekee ambazo baba alizungumza nami. Kwenye simu alikuwa mtu wa "haya" na "theluji ipo." Nikimtembelea, alinimiminia kahawa akageukia dirishani kutazama ndege wanaodonoa mbegu. Lakini mvalishe vipokea sauti, umpe injini ya kuisikiliza, hapo ulimi unamfunguka. "Usiibane, mwanangu. Iache ivute pumzi. Sasa. Haya, sasa panda." Nilimnunulia usukani wa mchezo mwaka uliofuata baada ya kifo cha mama. Akiwa na miaka sabini na moja, aliucheka siku mbili, siku ya tatu hakuuachia tena.

Mama yangu, Raili, alikuwa na neno juu yangu. "Virpi alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake," alisema, "na tangu siku hiyo anakimbia tu."

Miaka minne kabla ya Jumapili hiyo, mama alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa nikienda na kurudi kila nilipopata nafasi. Mwezi wa kwanza baridi ilishuka hadi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Baba akakata boksi la ndizi, lile gumu la dukani, akalikandamiza mbele ya rejeta ya gari langu, kama kila mtu wa kwetu anavyofanya ili upepo wa barafu usiigandishe injini. Kazi nzuri, ya mkono wa fundi. Halafu mwezi wa tatu ukaja, barafu ikaanza kuyeyuka, na boksi likabaki palepale. Nililisahau kabisa.

Hospitali ikapiga simu asubuhi: njoo leo.

Nilipopita mji wa Heinola, nusu ya safari, mshale wa joto ulianza kupanda. Niliuona. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu kwa miaka minne sikumwambia mtu. Niliuona, nikalikumbuka boksi, na nikajiambia gari litavumilia. Kusimama na kulichomoa kungenichukua dakika mbili. Nikakanyaga mafuta. Injini ikafia katikati ya msitu, mvuke ukitoka chini ya boneti, nami nikabaki pembeni ya barabara nikiyapungia malori mkono na kulia kwa hasira. Mama aliniulizia mpaka saa kumi kasoro dakika kumi, alipokata roho. Mimi nilifika saa kumi na moja na nusu.

Baba alikuwa amesimama kwenye ujia wa hospitali. Aliviangalia viatu vyangu vilivyolowa.

"Gari?" akauliza.

"Limechemka."

Akageuka akatazama dirishani. Tangu hapo hatukuligusa tena jambo hilo. Nilijua kwamba anajua, nikaamini kwamba ndiyo sababu ya kimya chake. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nililala naye na kuamka naye.

"Virpi," sauti yake ikaja tena masikioni. "Maji?"

Adui alikuwa mita mia tatu. Joto, mia na kumi na tano. Sekunde ishirini zaidi ningemfikia.

"Mia na tatu."

"Niko nyuma yako," akasema. "Tumbo lako naliona. Mlango umeufunga."

"Aaa, Mpishi!" Rauno akadakia. "Sikio la kufa hilo!" Mtu mmoja akacheka.

"Rauno, hebu nyamaza," baba akasema.

Tulikuwa watu wanane kwenye mawasiliano yale, na hakuna aliyewahi kumsikia mzee Taisto akimnyamazisha mtu.

"Siku ile ulipoondoka hapa," baba akaanza, polepole, "wiki mbili kabla mama yako hajatutoka. Barafu ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Nilisimama kwenye ngazi nikikupungia. Boksi nililiona, Virpi. Nililiona kabisa. Nikasema, atalitoa mwenyewe, si mtoto huyu. Tulikuwa tumegombana asubuhi, ukaniambia nakufundisha kila kitu. Basi nikafunga mdomo." Nilisikia pumzi yake ikigonga kipaza sauti. "Leo sifungi. Fungua mlango, mwanangu."

Nikatazama mshale. Mia na kumi na sita. Bawa la adui lilikuwa limelijaza duara la shabaha.

"Mshale niliuona, baba," nikasema. "Siku ile. Tangu Heinola. Niliuona nikaendelea."

"Najua."

"Ungejuaje?"

"Mimi ni fundi. Gari halifi ghafla." Akakohoa. "Ningekuwa mimi, na Raili ananisubiri, ningeendelea vilevile. Sasa fungua."

Nikafungua. Nikapunguza mafuta. Ndege ikapoteza mwendo, na adui akawa mdogo, akawa nukta, akapotelea mawinguni na moshi wake. Mshale uligoma kwenye mia na kumi na sita kwa muda ambao niliona kama nazeeka, kisha ukarudi nyuma upana wa unywele mmoja. Ndipo nilipogundua kwamba mguu wangu umetulia. Nilikuwa nalia kwa sauti, makamasi yananitoka, kipaza sauti kiko wazi, na sikujali.

"Haya jamani," Rauno akasema kwa upole ambao sikujua anao. "Tunarudi. Mdogo mdogo. Hakuna haraka."

Tulipokuwa juu ya uwanja baba akaniuliza tena.

"Themanini na nane," nikamjibu, na ilikuwa themanini na nane.

Jumamosi iliyofuata niliendesha hadi Mikkeli. Siku ilikuwa ya nyuzi tatu juu ya sifuri, maji yakichuruzika kwenye mapaa. Baba alitoka kabla sijazima injini, amevaa soksi za sufu ndani ya malapa. Hakuja mlangoni kwangu. Alipita mbele ya gari, gari jingine kabisa, ambalo hajawahi kulitia mkono, akainama kwa shida na kupenyeza vidole kwenye matundu ya mbele. Akayapapasa taratibu, kutoka kushoto hadi kulia, mpaka mwisho.

"Hamna kitu," akasema.

"Hamna, baba."

Akajifuta mkono kwenye suruali. "Haya, ingia ndani. Kahawa inapoa."