Ganda Jipya la Ufunguo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta, maana dada yangu huwasimulia wateja kisa hiki bila kuombwa, na katika simulizi lake mimi huwa mjinga zaidi.

Nafundisha udereva. Shule ni ya huyo dada: chumba kimoja chenye meza mbili, ubao wa alama za barabarani, na gari moja lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Kabla ya hapo nimekuwa utingo, muosha magari, na dereva wa lori la kokoto lisilo na mlango. Huko kote nilijifunza jambo moja: watu wakitaka kukucheka, anza wewe, mtamaliza mapema.

Asubuhi hiyo mwanafunzi wangu alikuwa na mtihani saa nne. Tulimwita Mama Polepole, kwa sababu alipoanza kujifunza, kuku walikuwa wanatupita. Alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, mwenye miaka hamsini na mmoja, na mtihani ulikuwa umemwangusha mara mbili. Dereva wa chekechea alikuwa anastaafu Ijumaa. Mwalimu mkuu alimwambia, "Ukija na leseni, usukani ni wako. Usipokuja nayo, naajiri mwingine." Mtihani uliofuata ulikuwa baada ya miezi miwili. Tena fomu ya mtihani huandikwa namba ya gari. Huwezi kwenda na jingine ukasema yote yana magurudumu manne.

Kwa heshima ya siku hiyo, nikauonea aibu ufunguo wetu. Ganda lake la plastiki lilikuwa limepasuka, tumelizungushia utepe mweusi kama kidole chenye jeraha. Nikanunua ganda jipya linalong'aa. Saa moja asubuhi nikakaa mezani, nikalibandua la zamani kwa bisibisi, nikahamisha ulimi wa chuma, nikahamisha kibao cha vitufe na betri yake, nikafunga. Ganda la zamani nikalirusha pipani. Nikabonyeza kitufe, gari likapepesa taa na milango ikafunguka. Nikajisifu: kumbe ufundi wenyewe ndio huu!

Saa moja na nusu lori la taka likapita, likabeba vyote vya pipani.

Saa mbili Mama Polepole akafika na viatu vyake vya bapa, fomu kaishika kama mtu aliyebeba yai. Akaingia, akafunga mkanda, akawasha. Gari likanguruma sekunde mbili, likazima. Akawasha tena. Likanguruma, likazima.

"Umeachia klachi," nikamwambia.

"Mwalimu, gia iko huru."

"Basi umeikanyaga vibaya."

"Kwani klachi hukanyagwa kwa mahaba?"

Nikamhamisha, nikakaa mwenyewe kwa madaha ya mtu mwenye kazi yake. Likanguruma, likazima. Nikajaribu tena na tena, hadi starta ikaanza kukohoa kama mzee wa tumbaku. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo ilikuwa inapepesa. Nilikuwa nimeiona tangu mwanzo, nikadhani inalipongeza ganda jipya.

"Mwalimu," akasema Mama Polepole taratibu, "hiyo taa si inakuita wewe?"

Nikampigia simu fundi wa funguo. Akaja na pikipiki, begi mgongoni, mtu mwembamba asiye na haraka. Hakuligusa gari. Aliomba ufunguo, akaupasua kwa ukucha, akachungulia.

"Chipu iko wapi?"

"Chipu gani?"

"Kipande cheusi, kidogo kama punje ya mchele. Hukaa pembeni, ndani ya ganda. Hakina waya wala betri."

"Humu hakuna kitu kama hicho."

"Naona. Ganda la zamani je?"

Nikalitazama pipa. Pipa likanitazama, jeupe, tupu.

Fundi akaelewa, akashusha pumzi. "Chuma hiki kinazungusha swichi. Vitufe vinafungua milango. Lakini injini inasubiri salamu ya ile punje. Isipoisikia, inajua ni mwizi, inajizima."

"Nikilikimbiza lori?"

"Kimbia. Ukifika jalalani, utafute punje moja kwenye mlima."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi mwiba niliudharau, na tende ikaota mguuni kwa mwenzangu. Mama Polepole alikaa kwenye benchi letu la wageni, akaikunja fomu, akaikunjua. "Leo asubuhi nimewaambia watoto wa chekechea," akasema, wala hakuwa anasema nami. "Nimewaambia wiki ijayo nitawapitia nyumbani." Nikaenda kulichungulia pipa tena, kana kwamba lingebadili mawazo.

"Chipu mpya ninayo," fundi akasema. "Nitaitambulisha kwa gari kwa kompyuta. Ila kwanza nioneshe kadi ya gari, na mwenye jina lililo kwenye kadi awepo. Wezi nao huja na maganda mapya."

Jina lilikuwa la dada. Nikapiga simu.

"Umefanya nini?" Hata salamu hakutoa.

"Nani kasema nimefanya?"

"Usingekuwa umefanya, ungenipigia jioni."

Alifika saa tatu kasorobo kutoka saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Akatoa kitambulisho. Fundi akaitazama picha, akakitazama kichwa, akairudia picha.

"Ni mimi," dada akasema. "Nusu."

Fundi akachomeka waya chini ya usukani. Kwa kuwa nilikuwa nimeinyonya betri kwa ubishi, akaunganisha na ya kwake. "Gari litatusubirisha dakika kumi, mara tatu. Ndio ulinzi wake. Mlango usifunguliwe, swichi isiguswe. Mtu akigusa, tunaanza upya."

Tukakaa humo ndani, fundi mbele ya usukani, mimi pembeni yake, wanawake nyuma. Joto likapanda. Kumi za kwanza zikaisha, kompyuta ikalia kidogo. Kumi za pili mkono wangu ukaanza kutembea wenyewe kuelekea kitasa cha mlango. Kofi likatua juu yake kutoka nyuma.

"Mikono mapajani, Mwalimu," akasema Mama Polepole.

Saa tatu na nusu taa nyekundu ikatulia, kisha ikazimika. Fundi akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Sekunde moja. Mbili. Hapo ndipo ilipozoea kufa. Tatu. Nne. Ikaendelea kunguruma bila wasiwasi, kama vile haijawahi kugombana na mtu. Nikamgeukia Mama Polepole. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Dada akaniegemea begani kidogo, akakumbuka kwamba amenikasirikia, akajitoa. Akamwambia fundi atengeneze na ufunguo wa pili hapohapo.

Mama Polepole aliendesha mwenyewe hadi uwanja wa mtihani. Tulifika zikiwa zimebaki dakika saba. Mimi nilibaki nje ya uzio. Nikamwona akisimama mlimani, gari lisirudi nyuma hata unyayo. Nikamwona akiingia kinyumenyume kati ya nguzo, polepole, ndiyo, lakini bila kuigusa hata moja. Mtahini akaandika, akatia sahihi, akampa mkono.

Hakupiga kelele. Alikuja hadi kwenye uzio, akatoa simu. "Mwalimu mkuu? Usiajiri mtu. Nakuja." Kisha akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikakaa palepale kwenye majani. Nafuu iliyonishukia ilikuwa kama ya mtu aliyevuliwa viatu vya kubana.

Niliporudi ofisini dada alikuwa amesimama mlangoni, tayari kurudi kumalizia nusu ya kichwa, ule ufunguo wa pili unaelekea mkobani.

"Huo niachie mimi," nikasema. "Kwa dharura."

"Hapana."

"Dada, punje kama ile nani angeiona? Walioificha ndio wenye kosa. Na mwanafunzi kafaulu."

"Kafaulu yeye."

"Na gari lenyewe limeshanikubali! Kikinikataa chuma, sawa, lakini wewe, damu yangu, unanikatalia kwa lipi?"

Akafunga mkoba.

"Gari lilikukataa kwa sababu halikukujua. Mimi nakukatalia kwa sababu nakujua."