Tawi Lililoishia kwa Harmen

Nilimpa bonge la mboji kavu ya kinamasini linalofuka moshi, nikamwambia alishike mbele ya kinywa chake na asiliondoe hata akipaliwa. Bata mwitu ana pua. Akinusa pumzi ya mtu, bwawa zima huruka na siku imekwisha. Yule binti alilibeba kwa mikono miwili kama chetezo cha ubani, machozi yakimchuruzika, akanifuata kwa kunyata nyuma ya viambaza vya matete. Nilifurahi kumwona analia. Huyu ni wa wakubwa, niliwaza, acha moshi umfunze adabu.

Miaka imepita, lakini harufu ya moshi ule haijanitoka.

Aliitwa Maaike, katumwa na maabara ya serikali. Bwawa la mtego nililirithi kwa baba, naye kwa babake. Hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, mabwawa ya aina hii yamebaki ya kuhesabika. Zamani nilikuwa nikiwanyonga bata na kuwapeleka sokoni. Yeye alitaka niwakamate, awaingize kijiti cha pamba mdomoni na kingine nyuma, awavishe pete mguuni, kisha awaachie waende zao. Baba angefufuka angecheka mpaka afe tena.

"Mbona wanamfuata mbwa?" aliniuliza kwa mnong'ono. Mbwa wangu, Bijke, mwekundu kama mbweha, alikuwa akitokeza kwenye upenyo wa kiambaza kimoja na kupotelea kwenye mwingine, na bata walikuwa wanaogelea nyuma yake, shingo juu, wakiingia kwenye mfereji unaozidi kuwa mwembamba hadi kwenye wavu. "Unawawekea chakula?"

"Chakula ni cha bata wa kufugwa. Hawa wa porini wanamshuku. Bata hataki adui apotee machoni pake. Anamfuata ili amchunge."

"Kumbe wanaingia wenyewe."

"Wenyewe kabisa, msomi."

Alipomaliza na bata wa kwanza nikamuuliza anatafuta nini humo.

"Kirusi cha mafua ya ndege, mzee. Tujue kimetoka wapi, kinakwenda wapi, na kimebadilika vipi njiani."

"Na mkikikuta kwa bata wangu, mnafunga bwawa."

"Si mimi ninayefunga."

"Najua. Kwenu huwa si mtu. Kila ninayemuuliza nani kafanya hivi, ananiambia si mimi."

Nikamwambia sharti langu: atapata bata kadiri apendavyo, ila aniletee jibu la mke wangu.

Mke wangu, Baukje, alikuwa na kuku. Si wengi, na si wa biashara; kuku wadogo wa asili ya huku kwetu, wenye madoa kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kila mmoja alikuwa na jina la shangazi fulani. Vuli moja mafua yaliingia kwenye mabanda makubwa ya jirani yetu Harmen. Wakubwa wakachora duara kwenye ramani, kila kuku aliye ndani auawe, na sisi tukawa ndani ya duara. Kuku wa Baukje walikuwa wakiparua kama kawaida, macho maangavu, lakini duara ni duara. Wakaja watu wa ovaroli nyeupe na gesi yao.

Baukje aliwamiminia kahawa. Nilidhani kachanganyikiwa.

"Unawapa kahawa wauaji?"

"Wana baridi," akasema, akaongeza sukari.

Moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Majira ya baridi yale ukachoka kabisa. Kitandani hospitalini hakuuliza habari za watoto wala za mazishi. Aliuliza moja tu. "Rinse, walikuwa wagonjwa kweli? Niulizie."

Nikauliza. Mimi niliyeacha shule ili nikate matete, nilipiga simu, nikaandika, nikaenda hadi mjini na suti ya harusi. Walichukua vipimo siku ile, niliwaona kwa macho yangu. Lakini huyu akanituma kwa yule, yule akasema faili liko kwa mwingine. Baukje akafa kabla bata hawajarudi kaskazini. Jibu halikuja.

Basi nikamchunga Maaike. Nilimuuliza swali lile lile asubuhi na jioni nione kama majibu yanafanana. Nilichungulia gari lake akiwa bwawani. Harmen naye nilikuwa namchunga kwa miaka. Niliamini kwamba aliwaficha kuku wake waliokufa kwa wiki nzima ili lori la mayai lije kwanza, na kuwa ugonjwa wenyewe uliletwa na lori hilo hilo safari ya awali. Yeye alikuwa anawaambia watu dukani kuwa ni bata wangu. Tulikuwa tukiteleza pamoja kwenye barafu tangu utotoni, tukishikana mikono mitaro ilipoganda. Sasa nikimwona navuka barabara.

Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, Maaike alikuja bila vijiti vyake vya pamba. Akaokota kijiti kikavu, akachutama kando ya mtaro, akaanza kuchora mti kwenye tope.

"Kirusi kikijinakili, hukosea, mzee. Kosa hilo watoto wake hulirithi, na wajukuu pia, kama pua ya ukoo. Ukisoma makosa, unajua nani ni ndugu ya nani."

"Kama masikio ya kina Harmen."

Akacheka, akaendelea. Shina lilitoka kaskazini mashariki pamoja na mabata bukini. Likagawanyika. Tawi moja nene lilishuka kusini, likaruka kutoka shamba hadi shamba. Pembeni akachora jingine, fupi.

"Hili ni la Harmen. Si la lori. Lilitoka kwa ndege wa porini. Ndugu yake wa karibu tulimpata kwa shakwe aliyekufa kule kwenye tuta la bahari."

"Bata wangu je?"

"Siwezi kuapa si wao. Siwezi kusema ni wao."

"Na kutoka kwa Harmen lilikwenda wapi?"

"Halikwenda popote. Liliishia hapo." Akainua kijiti.

Sikujali. "Na kuku wa mke wangu?"

Alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Walikuwa wazima, mzee. Wote waliopimwa. Pole."

Nilimwacha hapo hapo kwenye tope. Sikumbuki njia niliyopita, nakumbuka tu kwamba Harmen alikuwa uani akiosha matoroli, na kwamba nilianza kupiga kelele kabla sijafika getini.

"Wazima! Unasikia, we mwizi? Wazima! Ungesema mapema wangekuwa hai!"

Akafunga bomba. Maji yakaendelea kudondoka.

"Ningesema mapema kuliko asubuhi ile ile, Rinse?"

"Asubuhi gani?"

"Hakukwambia mpaka mwisho?" Akaketi juu ya toroli lililopinduliwa. "Alikuja kuazima gunia la pumba. Akanikuta mlangoni nimeshika kuku wawili waliokufa. Nikamwambia nangoja Jumatatu, pengine ni joto la banda. Akasema, 'Harmen, usingoje hata kahawa ichemke. Piga simu.' Nikamwambia, Baukje, nikipiga na wako watakwenda. Akasema, 'Unadhani sijui?' Akanisimamia hivi, mikono kiunoni, mpaka nikapiga."

"Muongo."

"Aliniapisha nisikwambie. Alisema, 'Rinse lazima apate wa kumlaumu, na serikali ina mabega mapana.'"

Nilimtazama masikio. Tangu shuleni, Harmen akidanganya masikio yake huwaka kama makaa. Yalikuwa meupe kwa baridi.

"Kwa hiyo walikuwa wazima," akasema polepole. "Nami aliniuliza hilo, mara ya mwisho tulipoonana."

Nikaketi kando yake. Akanipa leso yake, yenye mafuta ya mashine, nikaitumia.

Wakati wa kurudi nilipitia mtaroni. Mvua nyembamba ilikuwa imeufuta ule mti, shina na matawi yake yote yaliyoruka kwenda kusini. Kilichobaki ni kijishimo kimoja, mwisho wa tawi la Harmen, tawi lililokatwa na ile simu, pale Maaike alipokididimiza kijiti kabla ya kukiinua, kimejaa maji. Nikakizunguka, nisikikanyage.

Wakubwa sijawasamehe. Jibu lilikuwa kwenye kabati la mtu wakati Baukje bado ana masikio ya kulisikia, na mpaka leo hakuna aliyeniambia ni kabati la nani. Hilo nitakwenda nalo kaburini.

Kesho yake Maaike alirudi, akasimama mbali na mlango kama mtu anayeogopa mbwa. Nilikuwa nimekwisha kuwasha mboji. Nikammiminia kahawa, nikaongeza sukari bila kumuuliza.

Akaishika kwa mikono miwili, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Leo kuna nini, mzee?"

"Kuna baridi," nikamwambia.