Namba Ndani ya Kola

"Usiliweke hapo, pana maji!"

Mvulana aliruka nyuma, gauni la bluu likimning'inia begani. Alikuwa amekimbia kutoka ukumbini hadi chumba cha kufulia, na sasa alikuwa akihema mdomo wazi. Mama Namba alimpokonya gauni kabla halijagusa meza iliyolowa, akalitandaza juu ya ubao wa kupigia pasi na kulitazama kwa macho ya mtu aliyetukanwa.

"Nani amelikunja hivi?"

"Mimi, mama. Nililiweka chini ya godoro ili linyooke."

"Chini ya godoro! Na wewe ukalala juu yake, ukijigeuza usiku kucha."

"Sikulala, mama. Nilikuwa nakariri." Alichungulia saa ya ukutani. "Onyesho ni saa tisa. Sasa hivi ni saa sita na nusu. Wazazi wameanza kuingia, mkuu wa shule amevaa tai nyekundu, mwalimu wa uigizaji amepoteza miwani yake mara mbili. Tutafanyaje?"

"Tutapiga pasi. Wewe simama pale, mikono mfukoni, usiguse kitu."

Alinyunyiza maji kwa vidole, akaanza na pindo. Miaka kumi na tisa alikuwa akifua na kunyoosha nguo za wavulana mia sita wa shule hii, shule ya binafsi yenye bustani iliyokatwa kwa rula na bwawa la kuogelea lenye maji maangavu kama kioo cha dirisha. Majina yao hakuyajua. Alizijua namba zao, zilizoshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola za mashati, na ndiyo maana shule nzima ilimwita Mama Namba, hata waliomwogopa. Huyu aliyesimama mbele yake akitafuna kifungo cha pili alikuwa Mia na Kumi na Saba, mwaka wa kwanza, mkono wa kushoto daima una wino.

Hapo shuleni kila mwanafunzi lazima awe na klabu. Wiki ya kwanza ya kila muhula orodha hubandikwa nje ya ofisi ya walimu, na wavulana husukumana kama wanaogombea mpira. Muhula huu wa pili, klabu ya roboti ilijaa kabla kengele haijalia. Kuogelea, sataranji, skauti, zote zikafuata. Mia na Kumi na Saba hakuwa mtu wa kusukumana. Alipofika ubaoni ilikuwa imebaki klabu ya uigizaji tu, na ndani yake ilibaki nafasi moja ambayo hakuna aliyeitaka. Shule haikuwa na msichana hata mmoja, na mchezo ulikuwa na mama. Akaandika jina lake, akaenda kujificha mahali ambapo hakuna mvulana aliyekuwa na sababu ya kwenda, yaani kwa Mama Namba.

"Samahani, mama," alimuuliza siku hiyo, kwa sauti ndogo iliyomezwa na maji ya bomba, "mama husimamaje?"

Mama Namba alicheka hadi akaishika meza. "Husimama kama mtu aliyesahau kitu jikoni."

Tangu hapo alikuja kila siku saa kumi alasiri, wiki sita. Alimfundisha kufunga kitambaa cha kichwa kisiteleze, kukunja shati huku kola umeibana kwa kidevu, kujaribu joto la pasi kwa kidole kilicholowa. Zaidi ya yote alimfundisha kusikika. Alimsimamisha mwisho wa chumba, nyuma ya mashine kubwa inayonguruma, akafungulia mabomba yote mawili na kumpigia kelele, "Sikusikii! Rudia!" Wiki ya kwanza aliona midomo tu ikicheza. Wiki ya nne alisikia kila neno, na siku hiyo wote wawili walirukaruka kwenye sakafu yenye povu mpaka nusura waanguke. Mama Namba hakumwambia mtu, lakini saa kumi ilikuwa imegeuka kuwa saa anayoingojea tangu asubuhi.

"Haya, chukua." Gauni lilikuwa limenyooka kabisa. "Lishike kwa mabega. Ukikimbia nalo nitakufua wewe."

"Na pasi ya mkaa, mama? Hujasahau?"

Mchezo ulikuwa wa zamani, kabla ya umeme. Mama Namba alikuwa amemwazima mvulana kitambaa chake cha manjano, na alikuwa ameahidi kuileta mwenyewe pasi yake ya kale, ikiwa na mkaa wa moto ndani, ili moshi uonekane mpaka viti vya nyuma.

"Nimewahi kusahau nini mimi? Nenda!"

Mvulana hajafika kwenye kona, Mpishi akaingia na mzigo wa aproni chafu. Huyu alikuwa mtani wake wa miaka mingi, mtu asiyeweza kukaa na habari mdomoni hata kwa muda wa kuimeza.

"Enhe, mtani, umejiandaa? Leo tunakuona jukwaani."

"Mimi nitaonekana wapi zaidi ya humu kwenye mvuke?"

"Ina maana hujui?" Mpishi aliziangusha aproni chini. "Yule mtoto wako anakuigiza wewe. Si mama mwingine, ni wewe! Mguu unavyouvuta, bega unavyolinyanyua, unavyogomba. Jana nilipita pale dirishani na birika la chai. Wenzake wanagaagaa sakafuni kwa kicheko! Na mimi, nisikufiche, chai nusura niimwage yote."

Alikuwa anacheka tena kwa kukumbuka. Alipoona anacheka peke yake, akasema chakula kitaungua, akatoka.

Mama Namba alibaki amesimama. Mguu wake wa kushoto uliharibika mwaka wa tatu wa kazi, alipoteleza kwenye sakafu hiihii ya sabuni. Miaka yote hiyo hakuna mvulana aliyemcheka mbele ya macho yake. Leo wangemcheka mia sita kwa mpigo, pamoja na wazazi wao waliovaa vizuri, na aliyewafundisha namna ya kumcheka ni yeye mwenyewe. Ilimuuma, ilimuuma sana. Wiki sita alidhani anamfundisha mtoto, kumbe mtoto alikuwa anampima kama fundi anayempima mteja.

Aliitazama pasi ya mkaa pale rafuni. Angeweza kuiacha hapohapo, wakaigize na kipande cha mbao. Lakini alikuwa ameahidi, na yeye hakuwahi kumrudishia mtu shati lililopigwa pasi nusu. Tena, tuseme yote, alitaka kuona. Mtu akienda kuchekwa, ni afadhali awepo.

Akawasha mkaa, akaupepea mpaka ukawa mwekundu, akaujaza ndani ya pasi. Saa tisa kasorobo alivuka uwanja, pasi mkono mmoja, kigae cha kuiwekea mkono wa pili. Njia nzima alijitahidi asiuvute mguu.

Nyuma ya jukwaa hapakuwa na pa kukanyaga. Wavulana waliovaa ndevu za pamba walikuwa wakipigana na wavulana waliovaa kofia za askari. Mwalimu wa uigizaji alikuwa akitafuta miwani iliyokuwa juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, mama! Weka pale jukwaani, juu ya meza. La, usirudi, pazia linafunguka, utaonekana! Jibanze hapo pembeni, tafadhali!"

Ndivyo Mama Namba alivyojikuta kwenye kona ya giza kando ya jukwaa, mahali ambapo aliweza kuona kila kitu na kila mtu. Ng'ambo, kwenye kona ya pili, alisimama Mia na Kumi na Saba ndani ya gauni la bluu na kitambaa cha manjano. Macho yao yalikutana. Mvulana alifungua mdomo kama anayetaka kumweleza jambo, lakini mwalimu akamsukuma kidogo mgongoni, na pazia likafunguka.

Akatembea. Mguu wa kushoto ukafuata nyuma, bega la kulia likapanda.

Ukumbi ulilipuka. Kicheko kilianzia mbele kwa wale wadogo, kikaenda mpaka nyuma kwa wakubwa, na kila mtu alimpiga kiwiko jirani yake. Wazazi wasiojua chochote walicheka kwa sababu wana wao walikuwa wanacheka. Mama Namba alihisi masikio yakimwaka. Kumbe ndiyo hii, alijisemea. Angeondoka, lakini mlango ulikuwa ng'ambo ya jukwaa.

Mvulana hakuharakisha. Aliingoja kelele ipungue, akatoa shati kwenye kapu, akageuza kola na kuisogeza karibu na macho. Kisha akasema, kwa sauti iliyofunzwa kushinda mabomba mawili na mashine:

"Sitini na tatu! Vifungo umevifunga kombo tena. Nani anakukimbiza asubuhi?"

Katikati ya ukumbi mtu akapiga ukelele, "Ni mimi!" na ukumbi mzima ukageuka kumtazama, naye kweli vifungo vilikuwa kombo.

"Mia mbili na nane. Chaki mfukoni. Ukishawachorea walimu masharubu, usiniletee mimi ushahidi."

Mkuu wa shule aligeuka polepole kutafuta Mia Mbili na Nane. Kicheko kilitikisa viti.

"Mia nne na kumi. Mikono imekuwa mifupi. Jamani, mtoto huyu anarefuka na nyumbani hawajui. Mwandikieni mama yake."

Katika viti vya wazazi mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni. Sasa wavulana walikuwa wamesimama, wengine juu ya viti, wakipaza sauti, "Na mimi! Mia tatu na tano!" "Tisini na moja, mama! Tisini na moja!" Kila mmoja alitaka namba yake isomwe, na waliosomwa walipigwa migongo kama waliofunga bao.

Mama Namba aliushika ukuta. Maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno. Aliyasema kila siku, akiwa peke yake kwenye mvuke, akiyaambia mashati. Hapakuwa na mtu chumbani. Mtoto huyu aliyasikia wapi?

Mvulana alitoa shati la mwisho, akalilaza mezani na kulipitishia pasi mara moja. Aligeuza kola. Sauti ilishuka, ila ilifika kila mahali.

"Mia na kumi na saba. Kola imelowa, na jana mvua haikunyesha, na mpira hukucheza. Haya, lia, mwanangu. Lia ulimalize shati hili. Kesho utaniletea jingine, nalo nitalifua."

Hapo Mama Namba akakumbuka. Wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, kabla mtoto huyu hajaanza kuja kwake, alishika kola iliyolowa chumvi, akaiambia maneno hayo. Nje ya dirisha alikuwa ameanika mashuka, na chini ya shuka moja aliona viatu viwili vya shule, vimetulia tuli. Alidhani ni mtoto anayekwepa mazoezi ya viungo, akamwacha.

Mia na Kumi na Saba alitaka kuendelea, akashindwa. Aliiacha pasi, akachukua pindo la kitambaa cha manjano, akajifuta macho. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Hata ule uzi mwembamba wa moshi ulioanza kupanda kutoka kwenye shati walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mama Namba alinusa kabla hajaona.

"Pasi!"

Alitoka kwenye kona yake kwa kasi aliyokuwa nayo, mguu ukifuata nyuma kama unavyotaka wenyewe, akaingia kwenye mwanga, akainyakua pasi na kuiweka juu ya kigae.

"Wewe! Nimekwambia mara ngapi? Pasi hailazwi kifudifudi ukaenda kulia!"

Kisha ndipo akawaona. Mia sita, na wazazi, na tai nyekundu ya mkuu wa shule, wote wakiwatazama watu wawili waliosimama namna moja, kama waliosahau kitu jikoni. Sauti moja ikaita, "Mama Namba!" Ikaitikiwa na safu nzima, halafu na ukumbi, miguu ikapiga sakafu mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Akachukua shati kapuni, akabana kola kwa kidevu, akalikunja. Mvulana akachukua jingine, akalikunja vilevile. Mwalimu, kwa kukosa la kufanya, akafunga pazia.

"Umekasirika, mama?" Ilimbidi mvulana apaze sauti, kelele zilikuwa hazijaisha. "Nilitaka kukwambia. Mazoezini hawakuwa wanakucheka wewe, walikuwa wanacheka namba zao. Nilitaka uone mwenyewe."

"Nimekasirika. Shati lina alama ya pasi mgongoni."

"Ni langu, mama."

"Najua ni lako. Kwani sijui kusoma?" Akakivuta kitambaa cha manjano kilichokuwa kimemteleza mtoto, akamfungia upya, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu makapu yalikuja kama kawaida. Shati lenye alama ya pasi alikuwa amelifua na kulitundika kwenye msumari ukutani. Asubuhi kulikuwa na jua, mashuka yalikuwa tayari kwenye kamba. Akawasha pasi, akatoa shati la kwanza, akageuza kola, akafungua mdomo, akanyamaza. Aliona haya. Sasa dunia nzima ilikuwa inajua.

Akatupa jicho dirishani. Upepo uliyainua mashuka kidogo. Chini yake palikuwa na viatu vyeusi, jozi moja, jozi ya pili, kisha mstari mzima kutoka nguzo hadi nguzo, kimoja kamba zimefunguka. Mtu alipiga chafya, wenzake wakamnyamazisha.

Mama Namba alilisukuma dirisha mpaka mwisho. Akalowesha kidole, akajaribu pasi, akalisogeza shati kwenye mwanga, na akaanza kusoma namba kwa sauti.