Geji ya Kwenda Risan

Mshale haukusogea. Injini ilikuwa imenguruma vya kutosha, mpira wa rejeta unaunguza kiganja, na bado geji ya joto niliyoifunga kwa mikono yangu ilidai gari ni baridi kama maji ya kisima.

"Umenunua geji inayosema uongo kama wewe," alisema mke wangu, Ikonija, kutoka kwenye kiti chake mlangoni. Alijifunika blanketi la sufu, na ilikuwa Agosti, kiangazi chetu kikali.

Hapa Nikšić, mji wetu wa milimani, wananijua kwa kutia chumvi. Niliwahi kuapa kwamba gari letu lilichemka mlimani hadi nikakaanga mayai sita juu ya injini. Yalikuwa manne. Lakini kuchemka kulikuwa kweli. Kila kiangazi, kwenye mwinuko wa kwenda Risan, pwani kwao Ikonija, mvuke ulifoka, tukakaa juani hadi lipoe. Taa nyekundu ya dashibodi iliwaka baadaye, kama mgeni anayefika watu wakitoka makaburini.

Mwaka ule tusingeweza kukaa juani. Daktari alinivuta kando akaniambia: kama mkeo anataka kuiona bahari ya kwao, msingoje vuli. Ikonija hakuniuliza daktari alisema nini. Aliuliza tu, "Gari litafika?"

Ndiyo maana nilikata mpira wa juu wa rejeta, nikapachika kipande cha chuma chenye sensa, nikavuta waya hadi kwenye geji. Sasa jirani yetu Radojica alikuja na chupa yake ya rakija, pombe kali ya matunda, akachungulia, akacheka.

"Vukota, we mzee! Chuma chako kimeshikwa na mpira huku na huku. Umeme utarudi vipi kwenye bodi, kwa maombi?"

Nikafunga waya mwingine kutoka kwenye kile chuma hadi kwenye bodi. Mshale ukaruka. Ikonija akapiga makofi, mara mbili, akachoka.

Kesho yake tukaondoka. Kwenye mwinuko mshale ukaanza kuunyemelea wekundu, nami nikafanya afanyavyo kila dereva wa kwetu: nikafungulia hita hadi mwisho, injini itutemee sisi joto lake. Jasho lililonitoka lingetosha kuogesha farasi. Mshale ukasita, ukarudi kidogo, ukatulia.

Tulipofika kileleni nikanyoosha mkono nizime.

"Acha." Blanketi lilikuwa limemwangukia miguuni. "Acha, Vukota. Tangu Pasaka, leo ndiyo kwanza sisikii baridi."

Tukateremka hivyo hivyo, tunaiva, hadi ghuba ikatokea chini yetu. Ikonija akaegemea kioo aione. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama siku nilipomwona mara ya kwanza, na hapo sijaongeza chumvi.

Tulimzika kwao, huko Risan, kabla ya theluji.

Gari bado ninalo. Rejeta nilibadilisha, mshale hauvuki katikati tena. Kila Agosti Radojica hunisindikiza kwenda kaburini, na kila Agosti, njia nzima ya mlimani, hunipigia kelele.

"Zima hita, mwendawazimu wewe! Injini haina hata homa!"

"Ngoja," namwambia. "Ngoja kwanza tuione bahari."