Mwasiti na Kuta za Boma

Mwasiti alikuwa fundi wa kupamba kuta za nyumba, na Rumonge nzima hapakuwa na mwenye mkono kama wake. Udongo mwekundu, udongo mweupe, masizi yaliyokorogwa kwa mawese: ndizo rangi zake. Kabla ya kugusa ukuta alishuka kwanza ziwani, akakaa akitazama ndagala, dagaa wa ziwa lile, walioanikwa mchangani na milima ya Kongo inavyogeuka rangi jua likipanda. Akirudi, mkono unajua pa kwenda.

Bwana mkubwa Mdachi wa boma aliona ukuta wake kwa mfanyabiashara Asmani, akautamani. Askari Feruzi akatumwa kumchukua. Mwasiti akaambiwa atalala bomani mpaka amalize kupamba chumba cha bwana, maana watu wakiachwa watoke, alisema bwana, hawarudi.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, linalotazama uani. Mwasiti akakaa mbele ya ukuta mtupu mpaka rangi zikamkaukia vyunguni. Aliomba aende ziwani, hata asubuhi moja tu; akakataliwa. Akajaribu kuchora mawimbi kwa kukumbuka, yakatoka yamekufa, akayafuta kwa kiganja.

Pale dirishani walipita watu wa minyororo, waliokamatwa kwa kukataa kubeba mizigo, wakichota maji na kurudi, wamefungwa shingo kwa shingo. Hakutaka kuwatazama. Lakini hapakuwa na kingine cha kutazama, na siku moja mkono ukaanza wenyewe. Pete ndani ya pete, nyeusi juu ya nyekundu, zikazunguka chumba kizima bila kukatika.

Feruzi alipoingia alizifuata pete kwa macho, ukuta kwa ukuta.

“Mama, hii iko minyororo?”

“Ndiyo ninayoiona kila siku, mwanangu.”

Feruzi akageuka kuangalia mlango, kisha akamsihi kwa sauti ya chini asimwambie mtu mwingine.

Bwana mkubwa yeye aliona maua. Alifurahi mno, akaamuru Mwasiti apambe na chumba cha kulala, kisha apelekwe Usumbura, kwenye boma kubwa.

Hapo Mwasiti akaazimia kuharibu kazi, ili wamchoke wamfukuze. Akapaka ovyo, mistari imepinda kama ya mlevi. Hakufika hata katikati ya ukuta. Alirudi nyuma akainyoosha mmoja mmoja, huku analia, akiulaani mkono wake uliokataa kumtii.

Bwana alipokuja kutazama, alisema hiki kimepita cha kwanza. Kesho yake Feruzi akamfungia vyungu vyake kwa safari ya Usumbura.